Kufufua monita ya zamani iliyokatika waya wa picha

Monita ya zamani ikianza kutoa picha ya njano tupu, au kuzima na kuwaka kila mtu anapogusa meza, hukumu hutoka haraka: kioo kimekufa. Inabebwa hadi stoo, inapangiwa mafaili juu, na baada ya miaka miwili hakuna anayekumbuka ilikuwa na shida gani. Lakini rangi moja ikitoweka ghafla, mshukiwa wa kwanza ni waya wa picha, na kwenye waya huo mahali pa kuanzia kutafuta ni shubiri ya mwisho karibu na kichwa, pale unapokunjwa nyuma ya kompyuta na kubanwa ukutani kila siku.

Waya ninaouzungumzia ni wa VGA, ule wenye kichwa cha pini 15 katika safu tatu na skrubu mbili za kukaza kwa vidole. IBM waliutoa mwaka 1987 pamoja na kompyuta zao za PS/2. Mwaka 2010 Intel na AMD, watengenezaji wa chipu za kompyuta, walitangaza kwamba wataachana nao ifikapo 2015, ila maabara za kompyuta za shule, vibanda vya stesheneri na ofisi nyingi hazikupata taarifa hiyo, au zilipata na bajeti ikakataa.

Kama waya wako unachomoka pande zote mbili, acha kusoma, nenda kanunue mwingine. Ni bei ndogo na huo wa zamani haustahili risasi yako ya kulehemia. Kazi hii ina maana pale waya unapoingia moja kwa moja ndani ya monita bila soketi, kama zilivyo karibu monita zote za chogo na baadhi ya flati za mwanzo, au pale duka lilipo mbali.

Hakikisha kosa ni la waya

Washa kompyuta na monita, kisha bonyeza kitufe cha menyu kwenye monita yenyewe, ile menyu ya kurekebisha mwanga. Haitoki kwenye kompyuta. Monita huichora yenyewe kwa ndani. Kama picha ni ya njano lakini menyu ina rangi zake zote, nyeupe ikiwa nyeupe kweli, basi kioo ni kizima na kosa liko kabla yake: kwenye waya, kwenye kichwa au kwenye kompyuta. Menyu nayo ikiwa ya njano, tatizo liko ndani ya monita na hakuna waya utakaolitibu.

Kama hakuna picha kabisa, zima vyote viwili, chomoa kichwa kwenye kompyuta, halafu washa monita peke yake. Flati nyingi zitaonyesha kisanduku kidogo kinachosema hakuna mawimbi au angalia waya. Kisanduku kikitokea, monita ina uhai. Kisha chomeka monita nyingine kwenye kompyuta ileile. Ikionyesha vizuri, kompyuta haina hatia.

Sasa rudisha monita yako, fungua ukurasa mweupe mtupu uliojaa kioo kizima (hati mpya ya Word inatosha), na ukunjekunje waya taratibu kuanzia shingoni mwa kichwa, ukisogea vidole viwili viwili kuelekea kwenye monita. Mahali ambapo rangi inarudi na kupotea ndipo palipokatika. Ukurasa uwe mweupe kwa sababu nyeupe hutengenezwa na rangi tatu kwa pamoja, hivyo rangi inayobaki inakutajia iliyokosekana. Njano maana yake buluu imekatika. Pinki inayokaribia zambarau maana yake kijani kimekatika. Ukiona rangi ya feruzi, kati ya buluu na kijani, nyekundu ndiyo haifiki.

Kuna makosa yasiyo ya rangi. Monita ikionekana sekunde moja kisha ikalala, taa ya kitufe ikigeuka ya rangi ya chungwa, shaka iko kwenye nyaya za mpangilio zinazoiambia monita mstari unaanza wapi na ukurasa unaanza wapi. Na kama picha ni nzuri lakini kompyuta inang'ang'ania herufi kubwa zilizotanuka na haikubali resolusheni (idadi ya nukta za picha) ya kioo chako, ni zile nyaya mbili nyembamba ambazo kompyuta huzitumia kuiuliza monita jina lake na uwezo wake.

Pini na kazi zake

Huhitaji kukariri hizi. Ziandike kwenye karatasi na uibandike juu ya meza ya kazi:

1 nyekundu, 2 kijani, 3 buluu
6, 7 na 8: njia za kurudia za rangi hizo tatu, kwa mpangilio huohuo
13: mpangilio wa mlalo, 14: mpangilio wa wima
12 na 15: mazungumzo kati ya kompyuta na monita
5 na 10: ardhi
9: volti 5 kutoka kwenye kompyuta
4 na 11: utambulisho wa kizamani

Ukitazama kichwa cha dume kwa mbele, upande mpana ukiwa juu, pini 1 iko kushoto juu na hesabu inakwenda kulia. Ukikigeuza kutazama upande wa kulehemu, kila kitu kinageuka kama kwenye kioo cha kujitazamia. Hapo ndipo mafundi wengi wanaoanza hujikuta wamelehemu kijani kwenye pini tupu. Vichwa vingi vina namba ndogo zilizochongwa kwenye plastiki kando ya kila pini. Washa tochi ya simu, zisome, na uziamini hizo kuliko mchoro wowote.

Pini 9 mara nyingi haipo tangu kiwandani, na pini 4 na 11 nazo hukosekana kwenye waya nyingi. Tundu tupu mahali hapo si kosa. Usilitafutie dawa.

Pini zilizopinda

Kabla ya kushika wembe, kiangalie kichwa chenyewe kwa karibu. Kosa la kawaida sana ni pini iliyolala kwa sababu mtu alichomeka kichwa gizani kwa nguvu, kikiwa kimeinama. Chukua penseli ya kubonyeza iliyotolewa risasi, ile yenye ncha ya bomba la chuma, vika bomba juu ya pini na uinyanyue polepole hadi isimame sawa na jirani zake. Fanya mara moja tu kwa mwendo mmoja. Pini hizi hustahimili kunyooshwa mara chache. Ukiipeleka huku na huku itakatikia mkononi. Baada ya hapo futa pini zote kwa spiriti na mswaki mkavu, acha zikauke, jaribu tena. Monita nyingi hupona hapa na hadithi inaishia.

Ikikatika pini ya rangi au ya mpangilio, kichwa kimeisha na unaendelea chini. Ikikatika ya 12 au 15, kompyuta ya zamani itaendelea kutoa picha, ila itabidi uchague resolusheni mwenyewe. Lakini kama unategemea kiunganishi kile kidogo cha kutoka HDMI kwenda VGA, nyaya hizo mbili ni za lazima zaidi, kwa kuwa kompyuta huisoma monita kwa kuzipitia na ikikosa jibu inaweza isitoe picha kabisa.

Kuhusu umeme

Ndani ya waya wa picha hakuna cha kukuumiza: rangi hupita kwa volti 0.7 hivi, na nyingine hazizidi volti 5. Hatari ziko kwingine. Kama kasha la kompyuta linakutekenya kidole ukiligusa, plagi yako haina ardhi, ama mtu alikata pini ya juu, ama nyumba haikuwekewa waya wa ardhini. Hapo kasha hukaa kwenye karibu nusu ya umeme wa ukutani, mkondo ukiwa mdogo, lakini ukichomeka kichwa cha VGA vifaa vikiwa hai tofauti hiyo hupitia kwenye waya wa picha na inaweza kuunguza kadi ya picha. Kwa hiyo kila unapochomeka au kuchomoa, toa plagi zote mbili ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi.

Na kwa monita ya chogo, usifungue kasha lake. Mrija wa picha wa rangi hufanya kazi kwa volti elfu 20 na zaidi, na huhifadhi chaji hata baada ya kuchomolewa. Kazi yote ninayoeleza hapa inafanyika nje, upande wa kichwa, na hilo ndilo zuri lake.

Pima kabla ya kukata

Hapa ndipo kazi inapoamuliwa, na ndipo watu wanaporuka. Unahitaji multimita yoyote, kile kifaa cha kupimia umeme, hata ile ya bei ya chini kabisa.

Monita ikiwa imechomolewa ukutani na waya wake ukining'inia bila kompyuta, weka multimita kwenye kipimo cha ukinzani cha omu 200. Gusa pini 1 kwa ncha moja na pini 6 kwa nyingine. Utasoma takriban omu 75. Kila monita ya VGA ina kikinza (kipande kinachozuia umeme kiasi) cha omu 75 ndani kwa kila rangi, kwa hiyo bila kufungua skrubu hata moja unaweza kujua kama njia ya nyekundu inafika mwisho na kurudi. Rudia kwa pini 2 na 7, kisha 3 na 8. Pini ziko karibukaribu. Shikiza ncha moja kwa klipu ndogo, na kwenye ncha ya pili funga sindano ya kushonea ili usiguse mbili kwa pamoja.

Soma majibu hivi. Zote tatu zikionyesha 75 na hazibadiliki ukikunja waya, waya ni mzima. Rudi ukaichunguze kompyuta. Moja ikikataa kusoma, jaribu pini hiyo ya rangi na njia ya kurudia ya jirani, kwa mfano 1 na 7 badala ya 1 na 6. Ikisoma 75, mshipa wa katikati ni mzima na kilichokatika ni wavu wake, yaani nyuzi za chuma zinazouzunguka. Isiposoma, mshipa wenyewe ndio umekatika. Namba ikirukaruka unapokunja shingo, umepata mahali penyewe.

Kwa pini 13 na 14 usitegemee 75. Ukipima kila moja dhidi ya 10 utapata namba kubwa zaidi, na inatofautiana kati ya monita na monita. Unachokitafuta hapo ni kwamba zisisome sifuri, na kwamba namba isirukeruke unapokunja.

Kata, kisha pima tena

Kata waya sentimita 5 hivi nyuma ya shingo ya kichwa. Kichwa ulichokikata usikitupe. Kitupe na utajuta, maana ndicho ramani yako pekee.

Chuna ganda la nje la waya wa upande wa monita, kama sentimita 6. Zungusha wembe kwa wepesi kisha upinde ganda lipasuke lenyewe. Ukibonyeza sana utakata wavu wa nje na nyaya nyembamba chini yake. Ndani utakuta wavu wa shaba au karatasi ya fedha, halafu nyaya tatu nene kidogo, kila moja ikiwa na wavu wake mdogo uliozunguka mshipa wa katikati, kwa mtindo uleule wa waya wa antena ya televisheni. Hizo ndizo za rangi, na aghalabu zimepakwa nyekundu, kijani na buluu, ingawa kijani mara nyingine huwa nyeupe au kijivu. Zinazobaki ni nyaya nyembamba za plastiki za rangi mchanganyiko.

Sasa pima tena hapohapo kwenye mkato: mshipa wa nyekundu na wavu wake, kijani na wavu wake, buluu na wavu wake. Zikisoma 75 zote, kosa limebaki kwenye kile kipande ulichokata, na unaweza kufurahi. Rangi iliyokuwa imepotea ikiendelea kukataa, kata sentimita 10 nyingine na upime tena. Ukifika mahali waya umebaki mfupi na bado hakuna jibu, mkato uko upande wa monita, nitaufikia mwishoni.

Rudi kwenye kile kichwa kilichokatwa. Chuna nyaya zake, weka multimita kwenye mlio (kipimo kinacholia ncha zake mbili zikiwa zimeunganika), na utafute kila waya unaishia kwenye pini ipi. Andika kwenye karatasi: kahawia inakwenda 12, njano inakwenda 14, na kadhalika kwa waya wako. Usikopi rangi za nyaya nyembamba kutoka kwenye mchoro wa mtu mwingine, kwa sababu viwanda havikukubaliana. Ya njano kwako inaweza kuwa nyeusi kwenye monita iliyo pembeni yake, hata kama zilitoka kwenye lori moja la mitumba. Waya mmoja ukikosa mlio kwenye pini zote, usishtuke. Huo ndio uliokatika shingoni, na pini yake utaipata kwa kuangalia ni ipi imebaki bila mwenyewe.

Kuunga na nusu ya waya mwingine

Kuna njia mbili za kupata kichwa kipya. Unaweza kununua kichwa cha kulehemu, au kuchukua waya wowote wa VGA wenye kichwa kizima, hata wa monita iliyokufa, na kuukata. Kwa mtu asiyelehemu kila siku napendekeza hii ya pili bila kusita. Kichwa cha kulehemu kina vikombe 15 vilivyobanana kwenye eneo la kucha mbili, na risasi ikimwagika kati ya viwili unaanza upya.

Chagua waya mnene. Zile nyembamba zinazopinda kama kamba ya kiatu mara nyingi hazina wavu kwenye kila rangi, na utayaona matokeo yake kwenye picha. Ukienda dukani, sema wazi pini 15 za safu tatu. Kichwa cha pini 9 kina umbo lilelile la nje, na kile cha pini 15 za safu mbili ni cha vifaa vya michezo vya zamani.

Tengeneza orodha ya pili ya rangi na pini kwa waya huu mpya pia. Sasa una orodha mbili, na unaunga namba kwa namba: waya wa 13 wa huku kwa waya wa 13 wa kule, hata kama mmoja ni mweupe na mwingine ni wa kijani.

Kabla ya kulehemu chochote, vika mrija mpana wa kusinyaa kwa joto kwenye waya mzima, na mirija myembamba kwenye kila waya mdogo, uisukume mbali na moto. Huna mirija, tepu nyeusi ya umeme itafanya kazi, ila ikazwe vizuri.

Pishanisha maungio. Usikate nyaya zote urefu mmoja. Ya kwanza iungwe karibu, ya pili mbele yake kidogo, ya tatu mbele zaidi. Hata tepu ikija kulegea mwaka kesho, maungio mawili hayatagusana, na uvimbe hautakuwa mkubwa.

Anza na rangi tatu. Fumua wavu wa kila waya kwa sindano, usokote uwe mkia mmoja pembeni. Chuna plastiki ya mshipa wa katikati milimita 4 tu. Pasi ya kulehemia ya wati 25 hadi 40 inatosha. Paka flaksi (dawa ya kulehemia), lowesha kila ncha kwa risasi peke yake kwanza, kisha zilaze ubavu kwa ubavu na uguse kwa pasi sekunde mbili. Plastiki ya ndani inayeyuka upesi mno: ukiona imeanza kurudi nyuma na kung'aa, ondoa pasi, subiri ipoe, ndipo urudie. Ikiyeyuka hadi mshipa ukagusa wavu, rangi hiyo itapotea tena na utapata kazi ya kuitafuta upya. Funika mshipa, halafu unga mikia ya wavu, kila mmoja na mwenzake wa rangi ileile.

Sehemu iliyo wazi bila wavu iwe fupi, sentimita mbili au tatu kwa kila rangi. Kwa resolusheni ya 1280 kwa 1024, monita hupokea pikseli (nukta za picha) zaidi ya milioni 78 kwa sekunde kupitia nyaya hizi, na kwa kasi hiyo waya ulioachwa uchi hurudisha sehemu ya mawimbi yalikotoka. Machoni hilo huonekana kama kivuli hafifu upande wa kulia wa kila herufi. Ndiyo sababu pia waya wa simu au wa spika hauwezi kuziba pengo la rangi. Kwa 12, 13, 14 na 15, waya wa kawaida unakubalika.

Ukimaliza rangi, unga nyaya nyembamba, kisha ardhi, na mwisho wavu wa nje. Wavu wa nje watu huuacha kwa sababu picha inatokea bila huo. Usiuache: ndio unaozuia kelele za redio na simu zisiingie, na unaunganisha makasha mawili. Kama waya una ule uvimbe mgumu mweusi, hilo ni jiwe la kuchuja kelele, jitahidi libaki.

Kama umechagua kichwa cha kulehemu

Anza na safu ya katikati, kwa kuwa ukishalehemu za pembeni huwezi kuifikia. Kibane kichwa kwenye soketi ya VGA ya bodi yoyote iliyokufa ili pini zisizame plastiki ikipata joto. Jaza risasi kidogo kwenye kila kikombe kwanza, kisha yeyusha na kutumbukiza waya. Kaza kishikizo cha waya ndani ya kasha la kichwa. Bila hicho, uzito wote wa waya unaning'inia kwenye risasi.

Kabla ya kuwasha

Usifunge bado. Kwenye pini za kichwa kipya, pima tena 1 na 6, 2 na 7, 3 na 8: omu 75, 75, 75. Halafu weka multimita kwenye mlio na uguse kila pini na jirani zake. Zitakazolia kwa haki ni za ardhi na njia za kurudia: 5, 6, 7, 8 na 10, pamoja na kasha la chuma la kichwa. Ikilia nyingine yoyote isiyo ya 4 au 11 (hizo baadhi ya monita huziunganisha na ardhi), risasi au uzi mmoja wa wavu umegusa mahali. Kwa pini 9, kama ipo, kuwa mkali zaidi, maana inabeba volti 5 za kompyuta na ikigusana na ardhi utakuwa unaitesa kompyuta.

Vikiwa sawa, plagi zote zikiwa nje ya ukuta, chomeka kichwa, kaza skrubu kwa vidole tu, kisha washa. Ukikaza kwa bisibisi, siku ya kufungua zile nati za pembe sita za soketi zitatoka pamoja nazo. Acha monita iwake nusu saa huku ukigusagusa ungio. Ikitulia, sinyaza mirija kwa kiberiti cha gesi ukikipitisha haraka bila kusimama, kisha funga kijiti cha mbao au kipande cha plastiki sambamba na ungio kabla ya tepu ya mwisho, ili waya usipinde hapo tena.

Waya ukiwa umekatikia upande wa monita

Kwa monita ya chogo, mpelekee fundi wa televisheni aliyezizoea. Usijifunzie hapo.

Flati unaweza kuifungua, kwa tahadhari. Ichomoe ukutani na uiache muda mrefu, maana kapasita kubwa ya usambazaji umeme, kifaa kinachohifadhi chaji, hushika zaidi ya volti 300 monita ikiwa inafanya kazi, na hushuka taratibu. Usiguse bodi hiyo hata baada ya kusubiri. Toa skrubu za nyuma, kisha pitisha kadi ya zamani ya ATM kwenye ufa wa fremu kuachanisha vishikizo. Utakuta waya wa picha umeingia kwenye bodi kwa kichwa kidogo cheupe. Kama umekatika shingoni mwa kasha, kata kipande kilichoharibika, ingiza ndani waya mzima, na uungie palepale kwa utaratibu uleule. Kuchukua waya kamili kutoka monita nyingine inawezekana, lakini mpangilio wa kile kichwa cheupe hubadilika kati ya modeli na modeli, hata za kampuni moja, kwa hiyo ulinganishe kwa multimita pini kwa pini kwanza.

Picha imerudi, lakini

Nyekundu ikionekana buluu na buluu ikionekana nyekundu, umezibadilishana; ni kazi ya dakika chache. Monita ikisema mawimbi yako nje ya kiwango wakati kompyuta haijaguswa, angalia kama 13 na 14 hazikubadilishana. Kivuli kwenye herufi kinaelekeza kwenye wavu wa rangi ambao haukuungwa, au sehemu iliyoachwa wazi kwa urefu mno. Ukikuta mistari hafifu inayopanda polepole kama wimbi, chunguza wavu wa nje na ardhi ya plagi.

Na herufi zikiwa zimevimba au hazina ukali, fungua mipangilio ya kioo kwenye kompyuta. Flati ya inchi 17 isiyo pana kwa kawaida ni 1280 kwa 1024 kwa hezi 60, ichague hiyo. Isipoonekana kwenye orodha na Windows ikiitambua monita kama ya jumla tu, bila jina, rudi upime 12 na 15, na ukishaziunga bonyeza kitufe cha kujirekebisha kwenye monita ukiwa umefungua ukurasa uliojaa maandishi, ili ipate kingo za kupimia.